Ninachokosa si mbio, ni watu

SWALI: Shikamoo kocha. Nilizaliwa mwaka 1984 na nimekimbia na kikundi kimoja kwa miaka sita, Jumamosi alfajiri na siku moja katikati ya wiki. Mwezi uliopita niligundulika na ufa kwenye mfupa wa muundi, na daktari amenikataza kukimbia kwa wiki nane. Nilidhani nitateseka kwa kukosa mazoezi, kumbe ninachokosa hasa ni watu. Hii ni wiki ya tatu. Simu zimepungua, na nikiona picha zao za asubuhi nazima simu. Nimegundua kwamba miaka yote nilikuwa nachukulia poa kitu kikubwa. Je, huu ni udhaifu? Nifanye nini nisiwapoteze, na nikirudi nisiingie tena kwenye mazoea yaleyale?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole sana kwa mguu, na pole kwa hizo Jumamosi, maana nazijua zilivyo ndefu. Swali la kwanza nalijibu papo hapo: hapana, si udhaifu. Hayo mengine mawili yana jibu moja, ila nitalizunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Nianze na mwili, kwa sababu sehemu ya huzuni yako inatoka humo, na si haki kuwatwika wenzako mzigo usio wao. Mtu aliyezoea kukimbia akiachishwa ghafla, mwili hulalamika. Mwaka 1970 mtafiti mmoja, Frederick Baekeland, alichapisha uchunguzi wake kuhusu watu wa mazoezi wanapoacha kwa mwezi mmoja. Alitaka wale wanaofanya mazoezi kila siku, akashindwa kuwapata. Aliwaahidi fedha, wakakataa. Ikabidi achukue wanaofanya mazoezi siku tatu au nne kwa wiki, na hata hao walilala vibaya na kusema wana wasiwasi kuliko kawaida yao. Basi ukijikuta macho saa tisa usiku, au ukimfokea mtu wa nyumbani kwa jambo dogo, si kwamba umeharibika tabia. Muulize daktari kama anakuruhusu baiskeli ya mazoezi, au kukimbia ndani ya maji marefu ukiwa umevaa mkanda wa kuelea. Mara nyingi ruhusa hiyo hutoka mapema kuliko ya barabara. Nusu saa ya jasho itakutuliza. Kitakachobaki moyoni baada ya jasho hilo ndicho ninachotaka tukizungumze.

Na usiogope kwamba pumzi uliyoijenga kwa miaka sita inayeyuka. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake walichapisha vipimo vya watu waliozoea mazoezi magumu kisha wakaacha kabisa. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika siku 21 za mwanzo, ukaendelea kushuka hadi asilimia 16, kisha ukatulia hapo. Kinachochangia sana mwanzoni ni wingi wa damu mwilini kupungua, na damu huongezeka tena upesi mtu akirudi mazoezini. Nimeyasema haya mapema ili tuyaweke kando. Pumzi itarudi. Watu ndio hawarudi wenyewe.

Kwa nini urafiki wa mbio unashika namna hii? Nimewafundisha watu wazima kukimbia kwa zaidi ya miaka ishirini, watu wa kawaida wanaooga haraka na kuwahi kazini, na jambo hili halijaacha kunishangaza. Watu wanaokaa ofisi moja miaka kumi hawaambiani yale ambayo wakimbiaji wawili wanaambiana ndani ya kilomita nane. Nadhani chanzo ni jinsi miili inavyokaa. Mkikimbia hamtazamani. Mko bega kwa bega, macho mbele, na mtu anaweza kusema neno zito bila kuuona uso wa anayelipokea. Akishalisema, hakuna anayemkodolea. Hatua zinaendelea tu. Ukimya hauna aibu, kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake anatafuta pumzi. Kilima kikifika, maongezi yanakatika bila yeyote kuudhika. Mkifika juu, mwenye neno akitaka analiokota palepale lilipoangukia, asipotaka linabaki huko chini. Nimeambiwa habari za ndoa kuvunjika, za mimba kutoka, za mtu aliyefukuzwa kazi akawaficha wa nyumbani kwa wiki tatu huku akiondoka kila asubuhi na begi lake. Zote niliambiwa njiani, na watu waliokuwa wanatazama mbele.

Nina mwenzangu mmoja ambaye sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana, ila miaka yote nilikimbia upande wake wa kulia. Kuna mwaka kano ya kisigino changu ilichanika kidogo, nikakaa nje miezi mitano. Siku moja natembea na mke wangu, akaniuliza kwa nini kila mara namzunguka ili nikae kulia kwake. Sikuwa najua kama nafanya hivyo. Nilisimama pale njiani, koo limenikaba, nikashindwa kumjibu. Mwili wangu ulikuwa bado unalitafuta sikio zima la rafiki yangu.

Kwa hiyo ukiniambia unawakosa watu na si mbio, nakuelewa, ingawa sidhani kwamba vitu hivyo viwili vinaachana kirahisi. Unawakosa watu kwa namna ambayo mbio peke yake huwaleta. Mngekuwa mnakutana mezani mngekuwa marafiki wa aina nyingine.

Hata mwendo wenyewe una sehemu yake. Mwendo ambao mtu anaweza kusema sentensi nzima bila kuhema ndio mwendo ambao moyo unajengeka na misuli inajifunza kutumia mafuta ya mwili. Makocha wengi wa mbio ndefu wanataka takriban asilimia 80 ya mazoezi yafanyike kwa mwendo huo. Nalisema hili kwa ajili ya wanaodhani kupiga soga njiani ni kupoteza muda. Soga ndiyo kipimo. Ikikatika kwenye tambarare, mmezidisha kasi.

Halafu kuna jambo la ndani zaidi. Mwaka 2009 Emma Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchunguzi mdogo kuhusu wapiga makasia wa chuo hicho. Wanaume 12 walipiga makasia kwenye mashine kwa dakika 45, kuna siku kila mtu peke yake, na kuna siku wakiwa pamoja wakienda sambamba. Baada ya zoezi walifungwa mkononi ule mkanda wa kupimia presha, ukajazwa upepo mpaka mtu aseme sasa unauma. Kazi ilikuwa ya kiwango kilekile, lakini siku walizofanya pamoja walivumilia maumivu zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwili wenyewe hutoa kemikali za kutuliza maumivu, na hutoa nyingi zaidi watu wanapofanya kazi ya nguvu kwa mwendo mmoja. Iweke habari hii akilini. Nitairudia, kwa kuwa ina upande wa hatari kwa mwenye mfupa unaounga.

Sasa nifike kwenye neno lako, kuchukulia poa.

Watu wengi wakigundua wamechukulia poa kitu, hudhani dawa ni kuhisi zaidi: kushukuru moyoni, kujikumbusha kila asubuhi kwamba hujafa hujaumbika. Sina neno baya juu ya shukrani ya moyoni, lakini haidumu. Ndani ya miezi miwili ya afya njema utaizoea Jumamosi kama ulivyoizoea mwanzo, kwa sababu akili ya binadamu imeumbwa kuzoea. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nakuomba usemi huu uuchukue kama ulivyo, kama habari ya fundi na chombo chake. Kikundi chako kimeelea kwa miaka sita. Nani alikuwa anaunda?

Jaribu kuwakumbuka. Yupo anayefika robo saa kabla na kusimama mahali penu pa kukutania, ili mgeni akija asikute giza tupu. Yupo anayeandika ujumbe Ijumaa jioni, kesho saa kumi na mbili kasoro robo, palepale. Yupo anayehesabu vichwa kwenye kona. Yupo anayekimbia nyuma kabisa akisema leo miguu ni mizito, kumbe mbele yake kuna mtu mpya ambaye hataki kumwacha. Yupo mwenye funguo za watu watano mfukoni, na zinalia njia nzima. Yupo anayejua nani ana pumu na ile dawa yake ya kuvuta imekaa mfuko gani. Watu hawa wakichoka kwa wakati mmoja, kikundi hakivunjiki kwa ugomvi. Kinakwisha kimyakimya, kila mtu akidhani wengine bado wanakwenda. Nimeona vikundi vitatu vikifa hivyo, na katika vyote hakuna aliyeweza kuniambia siku kilipokufa.

Hapa ndipo lilipo jibu langu. Kutochukulia poa ni kushika kazi moja kati ya hizo na kuifanya hata siku ambayo hujisikii. Hisia zitapanda na kushuka zenyewe. Kazi itakukalisha karibu na kile unachokithamini. Na katika wiki hizi ambazo huwezi kukimbia, wewe ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu una macho ya kuangalia wakati wenzako wanaangalia njia.

Si maneno ya kukubembeleza haya. Mojawapo ya mbio za pamoja zilizoenea sana duniani ilianzishwa na mtu aliyekuwa katika hali yako. Paul Sinton-Hewitt alikuwa mkimbiaji mwenye kasi, akaumia, akawa hawezi kukimbia, na hakutaka kuwapoteza wenzake. Tarehe 2 Oktoba 2004 aliwaita katika bustani ya Bushy Park, London, wakaja wakimbiaji 13. Walikimbia kilomita 5, bure, naye akabaki pembeni na wasaidizi wachache wakishika saa. Wakarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Leo jambo hilo linaitwa parkrun na linafanyika katika nchi zaidi ya 20, likiendeshwa kila mahali na watu wanaojitolea. Ninachokipenda zaidi ni kwamba katika kila mbio kuna mtu ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, ili asiwepo mshiriki anayeweza kusema alikuwa wa mwisho. Machi 2020 mbio hizo zilisimama kwa sababu ya UVIKO-19, na England zikarejea tarehe 24 Julai 2021. Muda wote huo bustani zilikuwepo na miguu ya watu ilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kusimama karibu na mtu mwingine, na wengi tulijifunza wakati ule kwamba hicho ndicho kilichokuwa kinatutoa kitandani.

Kwa hiyo Jumamosi hii nenda. Usingoje upone. Kama umepewa magongo au kiatu cha kuzuia mguu, nenda nacho. Ila usiende kama mgonjwa aliyekuja kusalimia, maana utasimama dakika kumi, wataondoka, nawe utarudi nyumbani na uchungu kuliko ulivyotoka. Omba kazi kabla. Chukua funguo. Mtu akuteremshe mahali wanapogeuzia, ukae na maji, uwaite majina wakija. Kumwita mtu jina lake kwenye kilomita ya saba, alfajiri, wakati hana hakika kama anaendelea, ni kitu kikubwa. Utaona mabega yanavyoshuka na hatua inavyorefuka. Na wewe utapata jambo ambalo hukulipata miaka yote sita. Hawa watu umewajua kwa ubavu na kwa mgongo. Unajua nani anaburuza mguu wa kulia na nani anahema kwa mdomo. Nyuso zao wanapokimbia hujawahi kuziona. Utaona yule unayemdhani mkali akija anatabasamu peke yake.

Kuhusu simu zilizopungua, usilitafsiri kama dharau. Wakimbiaji wengi humwogopa majeruhi. Hawajui waseme nini, na kila wanachotaka kukusimulia ni habari ya kukimbia, wanaona watakuwa wanakutonesha kidonda. Basi wananyamaza, na wewe unausoma ukimya wao vibaya, na wao wanausoma wako. Avunje mmoja. Usiliandikie kundi zima la WhatsApp, huko ujumbe utapata vidole gumba kumi na vitatu na mazungumzo hakuna. Mpigie simu mmoja, yule mliyekuwa mnakimbia sambamba mara nyingi zaidi, umwambie maneno uliyoniambia mimi: nakukosa. Kisha umuulize habari zake, na mguu wako usubiri. Kuna jambo alikuwa anakusimulia kabla hujaumia, na halijaisha.

Picha za asubuhi zikikuuma, zizime kwa sasa, huna haja ya kujilaumu. Lakini usijitoe kwenye kundi. Kujitoa ni rahisi na kurudi kuna aibu.

Nataka pia uitazame nafasi yako kwa umbali kidogo, kwa sababu wewe ni mwanamke na si zamani sana mlango huu ulikuwa umefungwa. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800. Baadhi yao walipoonekana wamechoka mstarini, wakubwa wa michezo wakasema mwili wa kike hauwezi, na mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake hadi Roma mwaka 1960. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles, mwaka huohuo uliozaliwa wewe. Kule Afrika Kusini, Comrades, mbio za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilianza mwaka 1921 na wakimbiaji 34. Vic Clapham aliyezianzisha alikuwa amepigana Vita Kuu ya Kwanza na alitaka kuwakumbuka wenzake waliokufa. Jina lenyewe maana yake ni wenzi wa vitani. Pamoja na jina hilo, Waafrika weusi na wanawake hawakuruhusiwa rasmi mpaka mwaka 1975. Waliokimbia kabla ya hapo walikimbia bila kutambuliwa rasmi. Leo katika barabara ileile kuna makundi yanayoitwa mabasi. Kila basi lina dereva, mkimbiaji mzoefu anayejua kasi ya kufikisha watu kabla ya muda kwisha. Dereva ndiye anayesema sasa tunatembea hadi ile nguzo, sasa tunakimbia, na abiria wanaimba. Watu wasiojuana majina wanafikishana hivyo baada ya saa kumi na zaidi barabarani.

Na kuna Henry Wanyoike, mkimbiaji wa Kenya. Alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 akiwa kijana, akarudi kukimbia akiwa ameunganishwa kwa kamba fupi na mwongozaji. Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mbio za mita 5,000, mwongozaji wake alikuwa mgonjwa, nguvu zikamwishia wakati mstari wa kumalizia unakaribia. Kanuni haimruhusu asiyeona kumwacha mwongozaji akaenda peke yake. Wanyoike akamvuta. Asiyeona alimburuta anayeona hadi mstarini, akatwaa dhahabu. Nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki wakati wowote mtu anaponiambia amekuwa mzigo kwa kikundi. Kamba ina ncha mbili, na hakuna ajuaye lini uzito utahamia upande wa pili.

Turudi kwenye mguu wako, kwa sababu hapa nina hofu. Ule uchunguzi wa wapiga makasia nilisema una upande wa hatari. Ukiwa na wenzako maumivu hupungua, na kwa mwenye afya hiyo ni neema. Kwa mwenye mfupa unaounga, maumivu ndiyo kengele pekee aliyonayo, na wenzake wataifunika kwa furaha yao bila kukusudia. Ongeza na lile ambalo mtafiti Mjerumani, Otto Köhler, aliliona kwa wanachama wa klabu ya makasia ya Berlin katika miaka ya 1920: wawili wakifanya kazi ya nguvu kwa kutegemeana, aliye dhaifu hujikaza kuliko anavyojikaza akiwa peke yake. Utakaporudi, dhaifu utakuwa wewe. Kwa hiyo mbio zako za kwanza zisiwe za kikundi, hata moyo ukuume vipi. Daktari akishakuruhusu, anza kwa kutembea haraka nusu saa bila maumivu siku hiyo wala kesho yake. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara kumi, siku inayofuata upumzike. Punguza kutembea kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Ukisikia maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja juu ya mfupa, simama hapohapo na urudi nyumbani kwa kutembea. Pumzi itakudanganya kwamba uko tayari, kwa sababu moyo na mapafu hurudi mapema, mfupa huchelewa.

Ukitaka mtu wa kwenda naye, mchukue mmoja, na umwambie wazi kwamba saa ya mkononi unaishika wewe.

Na jambo ambalo huenda hukuulizwa hospitali: ufa wa namna hii una sababu. Pengine uliongeza kilomita haraka kuliko mfupa unavyoweza kujijenga. Pengine huli vya kutosha kulingana na unavyotumia nguvu. Kama hedhi imekuwa ikiruka miezi, usinyamaze, mwambie daktari, maana ina uhusiano wa moja kwa moja na uimara wa mifupa. Sitaki tuonane tena kwenye ukurasa huu mwakani na mguu wa pili.

Utakapojiunga tena na kikundi utakuwa wa mwisho. Kubali tangu sasa. Hapo nyuma ndipo utakapokijua kikundi chako, nani anageuka kuangalia na nani hageuki, na utaona vitu vya kutengeneza. Vikundi vingi vinapenda watu wote ila vinapanga mazoezi kwa ajili ya wenye kasi. Mwaka 1938, Kuala Lumpur, waanzilishi wa kikundi cha wakimbiaji kiitwacho Hash House Harriers walikuwa na njia yao: anayetangulia kuweka alama za njia anaweka pia za uongo, wenye kasi wanapotea, wanarudi, na wa polepole wanakuwa wamefika. Mimi natumia njia nyepesi zaidi. Wote mnaondoka pamoja, kila mtu kwa mwendo wake, na kila mtu ana saa. Dakika ya ishirini ikifika, kila mtu anageuka palepale alipo. Wenye kasi waliokuwa mbele sasa wako nyuma, na wote mnarudi mkikaribiana, mnafika pale mlipoanzia karibu kwa wakati mmoja. Mpendekezee anayepanga mazoezi yenu ajaribu mara moja kwa mwezi. Mara ya kwanza nilipoifanya, mama mmoja aliyekuwa akifika kila siku watu wameshaondoka aliwakuta wote bado wanahema. Alishika kiuno, akawatazama, akasema, kumbe na nyie mnachoka.

Siku hiyo ya kurudi, fika robo saa kabla. Tayari utakuwa na kazi yako, hizo funguo au lile daftari la majina, na usiiache kwa kuwa sasa unaweza kukimbia. Atakuwepo mgeni, amesimama pembeni kidogo, anajifanya anafunga kamba za raba ambazo zimeshafungwa. Mwendee. Mwambie wewe unatoka kwenye ufa wa mfupa na utakwenda polepole sana, kwa hiyo unahitaji mtu wa kwenda naye. Hutakuwa umemdanganya. Mkianza kukimbia, muulize anasikia vizuri akiwa upande gani.